Kikombe si kilo: Pima siagi ya shea kwa uzito

JIONI moja jirani yangu, mama wa watoto watatu, alibisha hodi kwangu akiwa amembeba bintiye wa miaka minne. Mikono ya mtoto ilikuwa myekundu kuanzia vidoleni hadi karibu na viwiko, na alilia kila alipoguswa. Nilipouliza alipakwa nini, mama alitoa mfukoni kipande cha sabuni alichokifunga kwa karatasi ya gazeti. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa siagi ya shea, akiamini kwamba mtoto mwenye ukurutu hafai kuoshwa kwa sabuni za dukani.

Tulimweka mtoto chini ya mfereji, maji yakamtiririkia kwa muda mrefu, kisha akapelekwa hospitali. Alipona. Lakini kosa lililomuunguza halikuwa katika siagi wala katika nia ya mamake. Lilikuwa katika kikombe.

Kanuni aliyoifuata ilisema gramu 500 za siagi ya shea. Mama hakuwa na mizani. Alifikiri kwamba kikombe chake cha kupimia cha mililita 250, kikijazwa mara mbili, kitampa gramu 500. Je, wewe msomaji ungefikiri tofauti? Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo, maana tumezoea pakiti ya maziwa ya nusu lita ambayo uzito wake ni karibu nusu kilo, na chupa ya maji ya lita moja ambayo ni kilo moja. Tumezoea mno maji na maziwa hata tukadhani kila kitu ulimwenguni hufuata hesabu hiyo.

Hapa ndipo tunapopaswa kutofautisha mambo mawili. Ujazo ni nafasi ambayo kitu huchukua, nao tunaupima kwa mililita, lita, vijiko na vikombe. Uzito ni jinsi kitu kinavyolemea mizani, nao tunaupima kwa gramu na kilo. (Mwalimu wa fizikia atasisitiza niseme tungamo badala ya uzito, lakini jikoni na sokoni sote tunasema uzito.) Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Mililita moja ya asali ina karibu gramu 1.4, ndiyo maana mkebe mdogo wa asali huulemea mkono. Mafuta yote ya kupikia na ya kujipaka, kwa upande mwingine, ni mepesi kuliko maji. Umeona mwenyewe jinsi yanavyoelea juu ya mchuzi.

Siagi ya shea imo katika kundi hilo la mafuta. Mililita moja ya siagi hiyo iliyoshindiliwa vizuri ina uzito wa karibu gramu 0.92. Basi lita nzima ni gramu 920 hivi, wala si 1,000. Ukitaka kugeuza ujazo kuwa uzito, zidisha mililita kwa 0.92. Ukitaka kugeuza uzito kuwa ujazo, gawa gramu kwa 0.92. Gramu 100 basi zitachukua nafasi ya mililita 109.

Kwa vijiko na vikombe hesabu ni hii. Kijiko cha chai cha kupimia, ambacho ni mililita 5, hubeba gramu 4.6. Kijiko kikubwa cha mililita 15 hubeba karibu gramu 14. Kikombe cha mililita 250 hubeba gramu 230. Lakini kitabu chako kikiwa kimetoka Marekani, kikombe chao ni mililita 237, na siagi ya shea ndani yake ni gramu 218. Vitabu vya zamani vya Uingereza navyo vilitumia kikombe cha nusu painti, yaani mililita 284, ambacho kitakupa gramu 261. Hivyo basi neno lile lile "kikombe" laweza kukupunguzia au kukuongezea zaidi ya gramu 40, na bado hatujafika kwenye kikombe chako cha chai nyumbani, ambacho aliyekitengeneza hakukusudia kiwe kipimo cha chochote.

Kuna mtego mwingine katika vitabu vya Marekani, nao ni wakia. Wao wana wakia mbili. Moja ni ya uzito, gramu 28.35. Nyingine ni ya ujazo wa vitu vya majimaji, mililita 29.6. Kanuni ikisema wakia 8 za siagi ya shea, huenda ikamaanisha gramu 227 au kikombe chao kimoja, ambacho tumeona kuwa ni gramu 218. Ikiwa kanuni yenyewe haisemi ni wakia ipi, tazama viungo vingine. Mwandishi aliyepima nta ya nyuki, ambayo ni ngumu kama jiwe, kwa wakia, bila shaka alikuwa na mizani mbele yake.

PISHI NA GOROGORO

Jambo hili si geni kwetu ingawa tunalisahau. Wazee wa pwani walikuwa na vipimo vya aina mbili na hawakuvichanganya. Kibaba na pishi vilikuwa vya ujazo, vibaba vinne vikifanya pishi moja. Ratili na frasila vilikuwa vya uzito. Pishi ya mchele na pishi ya mtama hazilingani kwenye mizani, na muuza nafaka wa Mombasa alilijua hilo bila kufundishwa darasani. Hata leo mtaani, anayenunua gorogoro ya mahindi na gorogoro ya maharagwe hatarajii zitoshane uzito. Anajua pia kwamba kuna wauzaji wanaobonyeza kitako cha mkebe kwa ndani ili ubebe kidogo, na wengine hujaza kwa mkono mwepesi ili punje zisilale. Mkebe ni ule ule, ila uzito ni mwingine.

Siagi ya shea yenyewe imepimwa kwa vyombo tangu kale. Msafiri Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331, alikwenda Mali mwaka wa 1352, na huko akaona mafuta yaliyokamuliwa kutokana na tunda la mti huu. Alieleza kwamba watu waliyapikia, waliyawashia taa na kujipaka mwilini, na kwamba yalisafirishwa kutoka mji hadi mji ndani ya vibuyu vikubwa.

Mti wa shea humea katika ukanda mkavu unaoanzia Senegal na kupita Mali, Burkina Faso, Ghana na Nigeria hadi Sudan Kusini, kaskazini mwa Uganda na magharibi mwa Ethiopia. Kwa Waacholi wa Uganda mafuta yake ni moo yaa, na kwao ni chakula kwanza kabla ya kuwa kipodozi. Wanawake huokota matunda, huanika kokwa, huzivunja, hukaanga na kusaga kiini chake, kisha huchemsha ili mafuta yaelee juu. Siagi nyingi inayouzwa katika maduka ya vipodozi mijini kwetu ni ya Afrika Magharibi au ya Uganda, na hizi mbili si sawa kwa ulaini. Ile ya Magharibi ni ngumu, huvunjika vipande. Ile ya Uganda ni laini zaidi kwa sababu ina kiasi kikubwa cha asidi ya oleiki, ile inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya zeituni, na katika joto la Mombasa huenda ukaikuta imekuwa mafuta ya kumiminika ndani ya kopo.

Kwa uzito wa kila mililita, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo na hesabu ya 0.92 itakutosha. Kinacholeta balaa ni hali ya siagi unapoipima.

HEWA NDANI YA KIKOMBE

Chukua siagi ngumu, ivunje vipande na uvitie katika kikombe hadi juu. Ukitazama utaona mianya kati ya vipande. Mianya hiyo ni hewa, na hewa haina uzito wa kuhesabiwa hapa. Kikombe ambacho kingebeba gramu 230 sasa chaweza kubeba gramu 170 tu, au hata pungufu, kutegemea ukubwa wa vipande na jinsi ulivyovishindilia. Ukikwaruza siagi kwa kikwaruzio cha karoti, hali ni mbaya zaidi.

Halafu kuna siagi iliyopigwapigwa kwa mashine hadi ikaumuka na kuwa nyepesi kama povu. Hii ndiyo inayopendwa sana siku hizi kwa sababu hupakika kwa urahisi. Imejaa hewa. Kopo la mililita 250 laweza kuwa na gramu 130 au 150 za siagi yenyewe. Simlaumu muuzaji, maana ameiuza kwa ujazo na huenda ameandika hivyo kwenye kopo, lakini mnunuzi afahamu analolipia. Tuseme kopo hilo lenye gramu 140 linauzwa kwa shilingi 500, na pembeni kuna kipande kigumu cha gramu 250 kwa shilingi 800. La kwanza laonekana rahisi. Gawa bei kwa gramu: la kwanza ni shilingi 3.57 kwa kila gramu, la pili ni shilingi 3.20. Kile kigumu ndicho rahisi, na ukikipiga mwenyewe kwa mwiko utapata makopo karibu mawili ya namna ile.

Ukiiyeyusha siagi, hewa hutoka na mianya hujaa. Ndiyo maana, kama huna budi kutumia kikombe, yeyusha kwanza kwa moto mdogo, bakuli likiwa juu ya sufuria ya maji ya moto, kisha ndipo umimine katika kikombe cha kupimia. Mafuta yakipata moto hutanuka kidogo, basi hapo tumia 0.9 badala ya 0.92. Mililita 250 za siagi iliyoyeyuka zitakuwa karibu gramu 225. Usiiache ichemke. Ikipoa polepole sana huweza kuwa na chembechembe kama sukari, kwa kuwa aina za mafuta ndani yake hazigandi kwa wakati mmoja. Chembe hizo hazina madhara, na uzito haubadiliki. Iyeyushe tena na uipoze haraka ndani ya friji.

Sasa turudi kwa jirani yangu. Vikombe vyake viwili vilikuwa vya vipande. Nilipomwomba arudie kujaza kama siku ile, tena kwa mkono ule ule, mizani yangu ilisoma gramu 350.

Sabuni hutokea wakati mafuta yanapokutana na kostiki soda, ile soda kali iliyoyeyushwa katika maji. Kila aina ya mafuta ina kiwango chake. Kwa siagi ya shea, gramu 100 hutumia karibu gramu 12.8 za kostiki soda, na watengenezaji waangalifu hupunguza asilimia 5 ya soda hiyo ili mafuta kidogo yabaki na ngozi isikauke. Kwa gramu 500 za siagi, kiwango kamili ni gramu 64, na kikipunguzwa hivyo ni gramu 61 hivi. Mama alinunua soda iliyokwisha kupimwa dukani, gramu 61 sawasawa. Lakini siagi yake ya gramu 350 iliweza kutumia gramu 45 tu. Gramu 16 zilizosalia hazikuwa na mafuta ya kushikana nazo. Zilibaki ndani ya sabuni zikingoja ngozi ya mtoto.

Na hata kama angeyeyusha siagi na kujaza mililita 500 barabara, angekuwa na karibu gramu 450, ambazo hutumia gramu 57.6 za soda. Bado gramu 3 na zaidi zingebaki. Ile akiba ya asilimia 5 ingekwisha yote na soda ingezidi. Kwa hivyo kwa sabuni hakuna hesabu ya kikombe itakayokuokoa. Pima kila kitu kwa mizani, siagi na soda na maji pia, au uache kabisa na ununue sabuni ya mtu anayepima.

Kwa kuwa nimeitaja soda hii, lazima niseme machache zaidi. Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini, na kostiki soda hula alumini huku ikitoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu. Tia soda ndani ya maji, usimwage maji juu ya soda, kwani huweza kuchemka ghafla na kuruka usoni. Vaa glavu na miwani, na watoto wakae mbali. Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na uoshe mahali hapo kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usipake siki, dawa ya meno wala siagi ya shea juu ya jeraha hilo. Ikiingia machoni, osha vivyo hivyo na usisubiri asubuhi.

MARHAMU YA KUJIPAKA

Wengi wenu hamtengenezi sabuni. Mnachotaka ni marhamu ya kulainisha ngozi iliyokauka kwa baridi ya Julai, au ya kumpaka mtoto baada ya kuoga. Hapo kosa la kupima si la kuunguza, lakini bado lina gharama yake. Siagi ya shea huzuia maji yasitoroke kutoka ngoziwv, na kwa mwenye ukurutu hilo ni jambo la maana, ingawa haichukui nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari. Jaribu kwanza kidogo kwenye sehemu ya ndani ya mkono na usubiri siku moja.

Tuseme unataka marhamu ya gramu 100 yenye siagi ya shea asilimia 80, mafuta ya nazi 15 na nta ya nyuki 5. Kwa mizani ni rahisi mno: gramu 80, gramu 15, gramu 5. Kwa ujazo ni mililita 87 za shea, 16 za mafuta ya nazi, na nta mililita 5 na kidogo, ambayo huwezi kuipima kwa kijiko hadi uiyeyushe, nayo ikiyeyuka na kugusa kijiko baridi huganda pale pale. Nimejaribu. Kijiko kile hadi leo hakijatakata. Nta ikizidi, marhamu huwa magumu kama mshumaa na hayapakiki. Ikipungua, huyeyuka mkobani. Na ikiwa siagi yako ni ile laini ya Uganda, ongeza nta gramu 2 au 3.

Pahali ambapo hesabu ya asilimia inahitaji hadhari zaidi ni katika vitu vikali vinavyotiwa ndani. Mafuta ya harufu, kama yale ya mchaichai au lavenda, hayafai kuzidi asilimia moja katika marhamu ya mtu mzima ya kubaki usoni. Asilimia moja ya gramu 100 ni gramu moja, ambayo ni kati ya matone 20 na 30 kutegemea mafuta na ncha ya chupa. Fikiria sasa kopo la siagi iliyoumuliwa la mililita 250. Ukidhani una gramu 250 utatia gramu 2.5. Kumbe siagi ni gramu 140, na tayari umekaribia asilimia 2. Kwa mtoto mchanga usitie kabisa, na hasa mafuta ya mnanaa na ya mkaratusi, ambayo yaweza kumtatiza kupumua.

Kadhalika mfamasia anapotengeneza marhamu ya salfa ya asilimia 10 kwa mgonjwa wa upele, hupima gramu 10 za unga wa salfa na gramu 90 za mafuta. Hatumii kijiko. Unga mkavu ukitikiswa hushuka, ukichotwa huumuka, na kijiko kimoja hakifanani na kinachofuata. Usijaribu hili nyumbani, lakini usione ajabu ukimkuta akipima polepole huku foleni ikizidi kuwa ndefu.

Jambo hilo hilo lahusu dawa za maji za watoto, ambazo nyumba nyingi bado huzipima kwa kijiko cha sukari. Chupa huandikwa, mathalani, miligramu 120 katika mililita 5. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe, mililita ni ujazo wa maji matamu yanayoibeba. Daktari aliyekwambia mililita 5 alikwisha kukufanyia hesabu. Kazi yako ni kupata mililita 5 kamili, na vijiko vya jikoni hupishana sana kwa ukubwa. Tumia kijiko au kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au sindano ya plastiki isiyo na ncha kutoka duka la dawa.

UKIKOSA MIZANI

Mizani ndogo ya jikoni ya betri, inayopima hadi gramu moja moja, hupatikana katika maduka makubwa na ya vyombo. Ndiyo ninayokushauri ununue. Iweke mahali palipo sawa, weka bakuli tupu juu yake, bonyeza kitufe cha kuirudisha kwenye sufuri, kisha tia siagi. Kwa namna hiyo uzito wa bakuli hauingii.

Lakini hadi utakapoinunua, kuna njia. Mkebe uliouzwa na kilo moja ya mafuta ya kupikia ya kuganda ni kipimo kizuri kuliko unavyodhani, kwa sababu mafuta hayo na siagi ya shea yana uzito wa karibu sawa kwa kila mililita. Ukijaza siagi ya shea iliyoyeyushwa hadi pale pale mafuta yalipokuwa yamefika mkebe ulipofunguliwa, umepata karibu kilo moja. Hakikisha kitako hakijabonyezwa.

Njia nyingine ni ya maji, nayo naipenda zaidi. Kitu kinachoelea husukuma maji ambayo uzito wake ni sawa na uzito wa kitu chenyewe. Chukua jagi la plastiki lenye alama za mililita, tia maji nusu, kisha elesha ndani yake kikombe chepesi cha plastiki. Weka sarafu moja au mbili ndani ya kikombe ili kisimame wima. Soma maji yamefika wapi. Sasa tia siagi ndani ya kikombe, bila maji kuingia na bila kikombe kugusa chini au kuegemea ukuta wa jagi, na usome tena. Maji yakiwa yamepanda kutoka 500 hadi 580, siagi yako ni gramu 80. Huhitaji kuzidisha kwa chochote, na haijalishi siagi ni vipande, imekwaruzwa au imeumuliwa kwa hewa. Jagi jembamba ni bora kuliko pana kwa kuwa maji hupanda juu zaidi na alama husomeka vizuri.

Kwa jagi la kawaida waweza kukosea gramu 5 au 10. Kwa marhamu ya kujipaka hilo linavumilika. Kwa sabuni na kwa vitu vikali halivumiliki hata kidogo.

Waweza pia kutundika kiango cha nguo msumarini na kufunga mfuko wa plastiki kila upande. Upande mmoja tia maji uliyopima, mililita 200 kwa mfano, na upande wa pili ongeza siagi hadi kiango kilale sawa. Hapo una gramu 200. Watoto wa shule huifurahia sana kazi hii.

Unaponunua kwa muuzaji wa rejareja, mwombe akupimie mbele yako chombo kikiwa kitupu, kisha kikiwa na siagi. Kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, mizani ya biashara hukaguliwa na kupigwa muhuri, na una haki ya kuutazama muhuri huo. Ukifika nyumbani bandika karatasi kwenye kopo, uandike gramu na tarehe, kwa maana miezi mitatu baadaye hutakumbuka kama 250 ilikuwa ya mililita au ya gramu.

Na hiyo mizani mpya ya jikoni, ijaribu kabla ya kuiamini. Weka glasi tupu juu yake, irudishe kwenye sufuri, kisha tia maji kwa sindano ya plastiki ya mililita 20, mara tano. Inapaswa kusoma 100, ikipishana labda kwa gramu moja au mbili. Ikisoma 94 au 107, irudishe dukani ungali na risiti.